Amplifaya Ile Sikuiunguza Mimi

Uvumilivu wangu uliisha mchana kweupe, mbele ya wateja watatu na gari lililofunguliwa mlango wa nyuma. Bosi aliinama, akanusa amplifaya iliyoungua, akajifuta mikono kwenye suruali na kumgeukia mwenye gari.

"Kaka yangu, samahani sana. Hii kazi aliifanya huyu mama. Na mwanamke anayenyonyesha, akili yake unajua iko wapi." Akajigusa kifuani.

Wakacheka. Mwenye gari naye alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka kugombana na fundi aliyeshika gari lake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, shati limelowa upande mmoja, kwa sababu saa nane ilikuwa imepita kwa dakika arobaini na mwanangu alikuwa bado hajanyonya.

"Rudia," nikamwambia bosi.

"Nirudie nini?"

"Ulichosema. Rudia, halafu nami niseme changu."

Fundi mwenzangu, yule tuliyekuwa tukigawana meza, akaanza kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. Kuanzia hapo nilijua kwamba siku hiyo sinyamazi, hata kama paa la karakana lingeniangukia.

Ili mnielewe, inabidi niseme kwanza kazi yenyewe ilikuwaje.

Karakana yetu iko Mafiga, hapa Morogoro. Tunafunga muziki kwenye magari: redio, spika, sabufa, amplifaya. Nilianza kaunta, kuuza fyuzi na waya, kwa sababu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na bosi alitaka mtu anayejua kuandika vizuri. Lakini kaunta inatazamana na karakana, na mimi macho yangu hayakuzaliwa kutazama ukuta. Nikaona wanavyofanya. Nikaona pia wanavyokosea. Fizikia nilikuwa naipenda shuleni. Maabara yetu ilikuwa na mita moja ya kupimia umeme kwa darasa zima, nami ndiye niliyekuwa nachelewa kwenda kula ili niishike. Siku moja fundi hakuja, mteja akawa mkali, nikaenda mwenyewe nikamwekea muziki wake. Aliondoka akitabasamu, na wiki iliyofuata akaleta gari la shemeji yake akasema anamtaka "yule dada wa kaunta". Bosi si mjinga. Akanipa bisibisi.

Sasa, amplifaya ina kitufe kidogo pembeni, cha kuzungushwa kwa bisibisi. Mafundi tunakiita geni. Watu wengi, na mafundi wengi kuliko watakavyokubali, wanadhani kile ni kitufe cha sauti: kaza zaidi, muziki uwe mkubwa zaidi. Hapana. Kile kinaipatanisha amplifaya na redio, ili redio ikisema kwa nguvu zake, amplifaya iipokee bila kupayuka. Ukikaza kupita hapo, mawimbi ya muziki yanakatwa vichwa, na kinachokwenda kwenye spika ni joto. Mwanzoni mwenye gari anafurahi, anadhani ndiyo nguvu. Baada ya siku chache ananusa harufu ya plastiki.

Mimi naanza na ikwalaiza. Vitufe vyake vyote naviweka katikati, pasiwe na besi iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Geni naishusha mpaka chini kabisa. Redio naipandisha robo tatu, kwa sababu ni wachache wanaofika zaidi ya hapo wakiwa na akili zao. Halafu naweka mlio mmoja mnyoofu, naisoma mita, na kupandisha geni polepole mpaka nipate kipimo changu. Baada ya hapo ndipo naweka wimbo wenye sauti ya mtu, nasikiliza herufi "s" na "sh", maana sauti ikipasuka inaanzia hapo. Ikwalaiza naigusa tena mwishoni, kidogo kidogo, kama chumvi. Gari moja linanichukua saa nzima.

Wenzangu walikuwa na kizibo.

Kizibo cha soda kinawekwa juu ya paa la gari. Muziki unafunguliwa. Kizibo kikiruka, kazi imekwisha, mteja anapiga makofi. Kisiporuka, fundi anakaza geni. Bado hakiruki? Anainua besi kwenye ikwalaiza hadi mwisho, na vya juu hadi mwisho, vya katikati anavizamisha, mpaka vile vitufe vinakaa kama bakuli. Ndiyo desturi ya pale. Wateja wenyewe wanaidai. Wapo waliokuja na kizibo mfukoni. Kijana mmoja wa Mzinga aliwahi kuniambia, "Dada, umeniwekea muziki wa kanisani," kwa sababu tu kizibo chake kilitetemeka bila kuruka. Nikamwambia, "Huko kanisani ndiko watakakokuombea ukiunguza spika zako." Akacheka, akaondoka na muziki wa kanisani, na mpaka leo unapiga.

Nilipojifungua nilikaa nyumbani likizo ya uzazi, nikarudi. Mwanangu wa kike nilimwachia jirani yangu, bibi mwenye genge la nyanya, dakika kumi kwa miguu kutoka karakana. Nesi wa kliniki alikuwa ametuambia wazi sisi wenye kazi: sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kwenda kumnyonyesha mtoto. Nikamwambia bosi. Akasema, "Sawa, nakusaidia." Sikumbishia lile neno nakusaidia, na hapo ndipo nilipokosea. Saa nne naondoka, saa tano narudi. Saa nane naondoka, saa tisa narudi. Nilikwenda nikikimbia na kurudi nikikimbia, nikikaa chini ya muda niliopewa, ili asiwepo wa kusema.

Gari la kwanza lilirudi na amplifaya iliyoungua mwezi ule ule. Nilishangaa, lakini kifaa ni kifaa. Gari la pili liliporudi nilifungua daftari langu. Nina daftari la shule ambamo naandika kila gari: redio imefika wapi, ikwalaiza ikoje, geni iko wapi, mita imesoma ngapi. Kipimo nilichokiandika na kilichokuwa kwenye ile amplifaya vilikuwa mbali kama Mafiga na kilele cha mlima. Nikamuuliza fundi mwenzangu.

"Wewe ulipokwenda kunyonyesha, mteja alitaka kizibo," akasema. "Ningefanyaje? Bosi alikuwa anatazama."

"Ungemwambia anisubiri."

"Akusubiri wewe na maziwa yako?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na labda ndiyo maana iliniuma zaidi.

Jioni ile nilichukua rangi ya kucha, nyekundu, iliyobaki tangu harusi ya rafiki yangu. Kuanzia kesho yake, kila nilipomaliza gari nilichora mstari mwembamba uliopita juu ya kitufe cha geni na kuendelea kwenye bati la amplifaya. Kitufe kikizungushwa na yeyote, mstari unakatika: kipande kinabaki kwenye bati, kipande kinakwenda na kitufe. Sikumwambia mtu. Kwenye daftari niliandika tu "nimepaka", pamoja na siku na saa.

Gari la tatu lilikuwa la mfanyabiashara wa Kinole, mtu wa ndizi na mdalasini, anayeshuka na mzigo na kupanda na muziki. Nililimaliza saa nne kasoro dakika chache, nikapaka, nikaondoka. Niliporudi lilikuwa limeshakwenda, na kizibo kilikuwa chini sakafuni. Wiki moja baadaye ndiyo hiyo siku ya harufu na kicheko.

"Nirudie nini?" bosi alikuwa ameniuliza.

Sikungoja arudie. Niliingia nusu mwili ndani ya gari, nikawasha tochi ya simu, nikamwita mwenye gari.

"Kaka, njoo uone. Huu mstari mwekundu ni wangu. Nilipomaliza ulikuwa mmoja, umenyooka. Sasa tazama. Hiki kipande kiko huku, na hiki kimezunguka mpaka kule mwisho. Kuna mkono umepita hapa baada ya wangu."

Akainama. Akatoa simu yake na kupiga picha. Wateja wawili wengine nao wakasogea.

"Rangi ya kucha?" bosi akasema kwa sauti ya kuwachekesha. "Jamani, hapa ni karakana au saluni?"

"Saluni wanajua wanachopaka," nikamwambia. "Wewe hujui unachokaza. Ulikazisha kitufe hiki nikiwa nimekwenda kumnyonyesha mtoto, ukamfurahisha mteja kwa kizibo, leo unanitwisha mimi mzigo. Na hiki kifua ulichokigusa kimelisha mtu. Chako kimelisha nani?"

Hapo walicheka tena, lakini si upande wake.

Alibadilika rangi. "Toka," akasema. "Nenda ukanyonyeshe moja kwa moja. Usirudi."

Nilichukua mkoba na daftari. Mita yangu, niliyoinunua mwenyewe, niliisahau kwenye droo kwa hasira. Nilifika kwa bibi wa genge, nikamkuta mwanangu amelia mpaka amechoka. Nikamweka titi nikiwa nimesimama, viatu miguuni. Sikulia. Watu wanapenda kusikia kwamba ulilia. Mimi nilikuwa nawaza tu kwamba nilijua kazi ile kuliko wote waliobaki pale, na kwamba sababu ya kutolewa ilikuwa huyu aliyenishika kidole huku akimeza.

Habari zinapanda mlima haraka kuliko magari. Yule mtu wa ndizi alisimulia Kinole, Kinole ikasimulia juu zaidi, na siku ya nne mjomba wangu akateremka kutoka kijijini kwetu karibu na misheni. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mama akiwa ametangulia mbele za haki kama wangu, anayesimama mbele ya watu kwa niaba yako ni mjomba. Baba wa mtoto wangu yuko kwenye mashamba ya miwa, anarudi mara moja kila baada ya wiki kadhaa. Hata angekuwepo, neno la kwanza lingekuwa la mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji. Nimeshamaliza shida yako."

Alikaa, rozari shingoni, vumbi la njia kwenye nyusi. Nikamuuliza ameimalizaje.

"Nimepita kwa tajiri wako kabla ya kuja hapa. Nimempelekea mkungu wa ndizi na mananasi mawili. Nimemwambia, mtoto ni mtoto, ana maziwa mapya, ulimi umemteleza, tusamehe. Mtu mwelewa kabisa. Amenikaribisha kiti."

Nilikaa chini. Kwa sisi watu wa mlimani hilo ndilo jambo la kiungwana. Kukiwa na ugomvi, mkubwa wako anatangulia na kitu mkononi, anaomba radhi kwanza, na baada ya radhi ndipo watu wanakaa na kuchambua nani alikosa. Ile radhi haimhukumu mtu, inawafungulia watu kikao. Lakini bosi si mtu wa mlimani, na hata angekuwa wa kwetu, nadhani asingeona faida ya kukumbuka.

Kesho yake nilikwenda kuchukua mita yangu. Bosi alikuwa anakula nanasi.

"Mama mtoto, karibu. Ukoo wako umeshakiri," akasema. "Mjomba wako amekuja mwenyewe, watu wamesikia, ameomba msamaha kwa kosa lako. Sasa unataka nini tena? Chukua mita yako uende salama."

Fundi mwenzangu alikuwa pale. Nilimtazama. Akatazama viatu vyake.

Nilirudi nyumbani. Kumkasirikia mjomba ni jambo ambalo hatufundishwi. Unamkasirikiaje mtu uliyemwamkia shikamoo asubuhi ile ile? Lakini nilimkasirikia.

"Mjomba, umekiri kosa nisilolifanya."

"Sikukiri. Nimeomba radhi."

"Kwake ni kitu kimoja. Anakula nanasi lako na kuniita mkosaji."

Mwanangu alikuwa anatambaa kuelekea kiatu cha mjomba, naye akamwinua, akampakata.

"Sasa unataka kumfanya nini? Mtu amekataa, achana naye. Rudi nyumbani. Kuna njegere, kuna karoti, shamba la mama yako lipo."

"Shamba nalijua lipo. Mimi nataka kazi yangu."

"Kwa mtu aliyekutukana?"

"Kazi ni yangu, mjomba. Tusi ndilo lake."

Nilimwonyesha daftari, ukurasa kwa ukurasa. Nilimwonyesha picha ambayo mtu wa Kinole alinitumia nilipompigia na kumwomba. Mjomba hajui geni ni nini, lakini amelima mashamba ya ngazi mlimani miaka yote, anajua alama ya mpaka ikisogezwa. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akaisogeza karibu, akaiweka mbali.

"Amesogeza," akasema. "Kweli, huyu mtu amesogeza."

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye ofisi inayopokea migogoro ya kazi; karani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alinieleza fomu ya malalamiko inajazwaje, na kwamba kabla ya kuipokea lazima nimfikishie mwajiri nakala na kuleta uthibitisho kwamba imemfikia. Nilipofika mahali pa kuandika ninachotaka, akaniinamia.

"Mama, wengi huandika fidia. Kurudi ni shida. Utarudije kwa mtu mliyegombana?"

"Kwa miguu," nikamwambia. "Dakika kumi."

Akanitazama juu ya miwani, halafu akanisogezea kalamu.

Mjomba alikataa niende peke yangu kupeleka nakala. Tulikwenda wote watatu, mtoto nimembeba mgongoni. Bosi alipoiona ile karatasi alicheka, akasema hasaini upuuzi, tena ndugu zangu walishamaliza.

Mjomba alivua kofia. Ni mtu wa sauti ndogo, inabidi unyamaze ndipo umsikie, na karakana ikanyamaza.

"Baba, zile ndizi nilikuletea kwa heshima. Sikukuletea ushahidi. Kama umezila kama ushahidi, basi umekula vibaya."

Akachukua nakala ya pili, akaiweka juu ya boneti ya gari la watu, akaandika kwa herufi zake za darasa la saba kwamba yeye ameona karatasi ikitolewa na ikakataliwa kusainiwa, siku hii, mchana huu, mahali hapa. Akasaini. Nakala ya bosi tukaiacha mezani kwake. Tulipokuwa tunatoka, fundi mwenzangu alinifuata mpaka mlangoni na kuniambia kwa kunong'ona, "Wakiniita, nitasema kuhusu kizibo." Sijui kama atasema. Sikuandika jina lake kama shahidi. Niliandika tu kwamba alikuwepo.

Karani aliipokea siku hiyo hiyo, akapiga muhuri. Chini ya maneno "eleza mgogoro wako kwa ufupi", nilikuwa nimeandika hivi, kwa mkono wangu:

"Mimi ni fundi wa muziki wa magari. Nimeachishwa kazi mbele ya wateja bila barua na bila kusikilizwa, kwa tuhuma kwamba niliunguza amplifaya. Sikuiunguza. Kipimo nilichoweka kimo kwenye daftari langu, na kitufe kilizungushwa baada yangu, wakati nimekwenda kumnyonyesha mtoto wangu kwa saa ambazo sheria inanipa. Nimeambatanisha kurasa za daftari na picha ya alama iliyokatika. Mwajiri anadai kwamba mjomba wangu alikiri kosa kwa niaba yangu. Mjomba wangu aliomba radhi kwa desturi ya kwetu na hakuwepo kazi ilipofanyika, kwa hiyo hawezi kukiri asichokiona. Sidai anilipe tusi. Nadai nirudishwe kwenye meza yangu, iandikwe kwamba amplifaya ile sikuiunguza mimi, na saa zangu za kunyonyesha ziandikwe kwenye karatasi, zibandikwe ukutani mwa karakana, mahali ambapo wateja wote wanaweza kuzisoma."